Kalamu Tisa za Sajini Ojok

Sajini Ojok alikuwa amestaafu polisi miaka minane, lakini mtaani kwake Kasese hakuna aliyemwita kwa jina lingine ila Afande. Mwenyewe hakuwa na neno. Alizaliwa Kitgum, akaletwa huku magharibi angali kijana, akazungushwa vituo vya Kasese na Bwera mpaka nywele zikageuka rangi, na siku aliyopewa barua ya kustaafu akagundua kwamba kaskazini hana tena mtu wa kumrudia. Mkewe, Ayaa, alizikwa huku huku. Binti yake wa pekee, Lakot, alikuwa mkunga huko Kilembe. Basi akapanga nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kambi ya polisi, karibu na bomba la maji linalotumiwa na watu wote, akatulia hapo na kalamu zake.

Zilikuwa arobaini na moja, zote za wino, zile za nibu ambazo vijana wa leo wakipewa hawajui wazishike vipi. Kazini miaka mingi alikaa kaunta akiandika kitabu cha matukio, na biki za serikali zilimkera: zinaruka maneno, zinavuja mfukoni, na maandishi yake hayana uso. Ndipo alipojuana na Katembo Jean-de-Dieu, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa akivuka mpaka wa Mpondwe na mafurushi ya vitu vikuukuu kutoka ofisi za zamani za Kongo: saa za ukutani, miwani, mashine za chapa, na mara moja moja kalamu. Ya kwanza Ojok aliinunua ili aandikie. Ya pili aliinunua kwa sababu ilifanana na ya kwanza. Alipofika ya tatu ugonjwa ulikuwa umekwisha kumwingia.

Alizitunza kipolisi. Kila moja aliifunga kibandiko kwa uzi, kama kidhibiti cha mahakamani, akaiandika namba na tarehe. Sanduku la kuzitia alilitandika kitambaa cha kaki alichokikata kwenye suruali yake ya kazi. Jumapili akitoka misa alizishusha, akazisafisha kwa maji ya vuguvugu, akajaza wino aliouchanganya mwenyewe, zambarau na mweusi, na kuandika mstari mmoja kwa kila kalamu. Aliyoipenda kuliko zote ni namba kumi na nne, ya kijani yenye mistari kama ganda la tikiti maji, na mkiani alama za meno. Karani fulani wa zamani, ambaye Ojok hakupata kumjua, aliitafuna akiwa na mawazo yake.

Mwezi wa pili akahesabu, akapata arobaini. Akahesabu tena, arobaini. Wiki iliyofuata zikawa thelathini na nane. Katikati ya mwezi wa tatu zilikuwa zimebaki thelathini na mbili, na namba kumi na nne haimo.

Aliyekuwa akiingia nyumba ile ni mtu mmoja tu, Wivine. Huyu alikuwa mama wa watoto wawili, umri wake kama miaka thelathini na mitano, aliyekimbia kwao upande wa Beni baada ya mumewe kuuawa shambani. Tangu Ayaa afariki ndiye aliyekuwa akimpikia Ojok na kumfulia, na kwa miaka mitatu hata sukari haikupungua koponi. Lakini Ojok alijiambia maneno ambayo maafisa wa upelelezi hujiambia: aliyekuwepo ni nani, na aliyekuwa na nafasi ni nani. Jibu likawa moja.

Tarehe kumi na tatu asubuhi, Wivine alipofika na mfuko wake, alimsimamisha pale pale bombani, mbele ya wanawake waliokuwa kwenye foleni na madumu yao. Akamwamuru aweke mfuko chini. Akaumwaga. Zikatoka kanga, kitana, rozari na nusu mkate. Akamwambia afungue kilemba. Wivine akakifungua, akakikung'uta, akabaki kichwa wazi amekishika mkononi.

Ndipo akasema kwa sauti ya chini, karibu wasisikie wengine, "Afande, njo wewe mwenyewe uliipana. Mi niliona na macho yangu."

Alikuwa anamwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyezigawa. Ojok aliyachukua maneno yale kuwa ujuvi wa mwizi aliyebanwa. Akawapigia simu vijana wa kituo kidogo cha polisi, aliowafundisha kazi yeye mwenyewe, nao kwa heshima yake wakamweka Wivine ndani siku mbili. Huko Wivine hakusema lolote. Wakamwachia kwa kukosa ushahidi, akachukua watoto wake akaenda kwa dada yake huko Bwera. Habari zilimtangulia. Nyumba tatu alizoomba kazi zilimrudisha mlangoni.

Mwezi wa tano yakafika maonyesho ya kalamu.

Kuna bwana mmoja wa Kampala, Semakula, karani wa mawakili aliyestaafu, anayeongoza kikundi cha wapenzi wa kalamu za wino. Kila mwaka walikutana Kampala, na kila mwaka Ojok alikuwa akiwaandikia kwamba kalamu nzuri za nchi hii nyingi zimepitia Mpondwe, kwa hiyo waje huku wazione zinakotokea. Mwaka huu wakakubali. Wakakodi ukumbi wa hoteli moja Kasese, meza kumi na nne zenye vitambaa vyeupe. Kwa Ojok ilikuwa kana kwamba harusi imeletwa kwake. Alivaa suti aliyomzikia mke wake, akalibeba sanduku kwa mikono miwili.

Ukumbini watu walikuwa wameinama. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona na likamfurahisha: madaktari, walimu, padri mmoja kutoka Bunyaruguru, mhadhiri wa Mbarara, wote vichwa chini wakijaribu nibu kwenye karatasi. Kulikuwa na meza ya fundi wa kunyoosha nibu zilizopinda, na meza ya chupa za wino wa kuonja. Hakuna aliyepaza sauti. Watu waliuliza, "Naweza kuijaribu?" na mwenye kalamu akaifungua kifuniko kabla ya kuikabidhi.

Ojok alipanga kalamu zake thelathini na mbili. Zile nafasi tisa hakuzifunika. Aliviweka vibandiko tisa vitupu juu ya kitambaa cha kaki, na kila mgeni aliyeuliza alimweleza: hizi ziliibwa na mfanyakazi wa nyumbani. Akamtaja jina na kwao. Padri alitikisa kichwa kwa huruma. Mhadhiri akaandika jina la Wivine kwenye daftari lake ili, kama alivyosema, kikundi kiwe macho zikijitokeza sokoni. Hadi saa nne za asubuhi Ojok alikuwa ameisimulia habari hiyo kwa watu wapatao ishirini.

Saa tano akamwomba Semakula amwangalizie meza, akaanza kutembea. Akapita meza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa ya Jean-de-Dieu. Walikuwa hawajaonana kitambo, na alikwisha kunyoosha mkono amsalimie alipoona, katikati ya miwani na saa za mfukoni, kalamu ya kijani yenye alama za meno mkiani.

Hakumsalimia. Alimkamata kifundo cha mkono, ule mkamato wa kazini unaomfanya mtu ainame hata kama hataki.

"Hii imetoka wapi? Ongea."

Chupa ya wino ikapinduka. Watu wakainua vichwa. Jean-de-Dieu, mtu mzima wa miaka sitini na tano, hakujitetea kwa nguvu. Alimtazama tu kama mtu anayemtazama rafiki yake akitokwa damu puani naye hajui.

"Afande," alisema, "nilikuya kwako mwezi ya tatu. Tulikaa kwa baraza. Ulinipatia tatu na ukaniandikia karatasi. Niachilie mukono, nikuonyeshe."

Semakula alikuwa amekwisha kufika kati yao. Ojok akalegeza. Jean-de-Dieu akatoa pochi, na ndani ya pochi karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na mistari mitatu tu. Ilisema kwamba vidhibiti namba 14, 22 na 31 vimekabidhiwa leo, tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, kwa Katembo Jean-de-Dieu, kituo kikiwa shwari, na zamu imekwisha. Chini yake sahihi: Sajini Ojok, afisa wa zamu.

Zamu. Kituo kikiwa shwari. Miaka minane hakuwa na zamu wala kituo.

Jean-de-Dieu alieleza kwamba siku ile naye alishangaa kidogo, lakini alidhani mzee anatania kipolisi, na kwamba anagawa vitu vyake mapema kama wazee wafanyavyo. Akapokea kwa sababu alipewa kwa moyo. Kesho yake alivuka kwenda Butembo, akakaa huko hadi juzi. Ya Wivine hakuyasikia.

Ojok aliomba kioo cha kukuzia, akaketi. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa mtu wa kuletewa hundi na barua za uongo aseme mkono ni wa nani. Sasa aliikagua ile karatasi akiomba kwa moyo wake wote iwe ya kughushi. Alitazama mkia wa herufi j, unaorudi kushoto kisha unakatika. Alitazama namba nne, aliyoizoea kuiacha wazi juu. Alitazama wino, zambarau iliyotiwa weusi, ambao hakuna duka linalouuza. Akaomba karatasi safi, akajaza kalamu yake, akaiandika ile mistari mitatu upya, neno kwa neno, na kuziweka karatasi mbili bega kwa bega.

Semakula alikuwa amesimama nyuma yake, naye aliona kwamba mkono ni mmoja.

Alijaribu kuikumbuka tarehe kumi na mbili. Alikumbuka tarehe kumi na tatu vizuri kabisa: mfuko, mkate, kilemba. Ya kumi na mbili aliitafuta kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba chake mwenyewe akitafuta mlango, na mlango haupo. Kisha akakumbuka maneno ya Wivine pale bombani, na safari hii aliyasikia. Alikuwa amemwambia kweli. Alimwambia kwa sauti ya chini ili watu wasijue.

Semakula alimletea maji. Ojok hakuyanywa. Alisema anataka kwenda Bwera saa ile ile. Semakula akamsihi apumzike, kesho ni siku pia. Ojok akamjibu jambo ambalo Semakula alilisimulia baadaye kwa masikitiko makubwa.

"Kesho ni nani aniambie kama nitakumbuka? Leo ninajua. Nipeleke leo."

Jean-de-Dieu alifunga meza yake bila kuuliza. Ojok hakurudi kwenye kalamu zake. Hakuweza kupita mbele ya wale watu ishirini. Alimwomba Semakula awaambie mmoja mmoja kwamba mwizi hakuwepo. Kabla ya kutoka alichukua karatasi, akajiandikia kwa herufi kubwa: WIVINE HAKUIBA. NI MIMI NILIGAWA. NAENDA BWERA KUMWOMBA RADHI. USIRUDI BILA KUMWONA. Akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Walikwenda kwa gari la Jean-de-Dieu, Probox kuukuu, jua la mchana likichoma kioo cha mbele. Hadi kufika Kikorongo Ojok alikuwa akizungumza bila kukoma, akijiuliza zile sita nyingine amempa nani, nani mwingine amekuja barazani, ni mambo mangapi mengine ameyafanya yasiyokuwa na karatasi. Je, birika lile alilounguza, aliloambiwa na Lakot? Je, siku ile aliyokwenda kituoni asubuhi akakuta vijana wanamcheka, akadhani wanamchekea? Kila alipolishika moja, lilivuta jingine. Kisha akachoka. Alilaza kichwa kwenye kiti, akasinzia.

Alipoamka, maziwa ya chumvi yalikuwa yamebaki nyuma na milima iko upande wa kulia. Alimtazama dereva.

"Jean-de-Dieu. Habari ya siku nyingi. Tunaenda wapi?"

Jean-de-Dieu alikanyaga breki kidogo bila kutaka. Kisha akamwambia atazame mfukoni. Ojok akatoa karatasi, akaisoma. Aliisoma mara moja, na Jean-de-Dieu akageuza uso akatazama barabara, kwa sababu mzee yule alikuwa akilipokea jambo lile upya, zima zima, kama hajawahi kulisikia. Kutoka hapo hadi Bwera hakuiweka tena karatasi ile mfukoni. Aliishika mbele ya macho yake njia nzima, akiisoma na kuirudia.

Dada yake Wivine anaitwa Yvette, na anauza unga wa muhogo katika soko la Mpondwe, mwendo mfupi tu kutoka Bwera na hatua chache kutoka mtoni unapopita mpaka. Alimtambua Ojok kabla hajashuka garini. Hakusimama. Aliendelea kupima unga wa mteja wake, akamaliza, akafuta mikono, ndipo akamuuliza anatafuta nani mwingine wa kumfunga.

Ojok alivua kofia. Akasema kwamba Wivine hakuiba kitu, na amekuja kumwambia hivyo kwa kinywa chake.

"Wivine hayuko," Yvette alisema. "Alivuka wiki iliyopita. Hapa hakuna mutu anamupatia kazi. Amerudia kule, kwa shamba ya mama yetu. Watoto beko hapa na miye."

Kila mtu sokoni pale anajua barabara ya kule ikoje. Siku nne kabla, magari mawili yalikuwa yamechomwa baada ya Kasindi, mji wa ng'ambo ya mpaka. Ojok alishika ukingo wa meza. Yvette akaendelea, bila ukali sasa, maana alikwisha kuona kwamba mzee huyu hayuko sawa. Alisema alimuuliza dada yake kwa nini kule polisi hakusema kile alichokiona. Wivine alimjibu kwamba wale vijana wote Ojok alikuwa mkubwa wao. Akiwaambia kwamba kichwa cha afande kinaanza kupotea, watamcheka. Alidhani mzee atakumbuka mwenyewe baada ya siku moja au mbili, na mambo yataisha.

Hapo ndipo Ojok aliposhindwa. Aligeuka, akaanza kwenda mpakani. Hakuwa na pasi wala kitambulisho. Aliwapita wabeba mizigo, akawapita wanawake wenye ndoo za mafuta, na kijana wa uhamiaji alipomzuia alimpigia amri ya kijeshi apishe njia, sauti ikawa ile ile ya zamani, mpaka watu wakasogea. Kijana hakupisha. Alimshika mzee mabega kwa upole, akimwita baba, akimuuliza nyumbani ni wapi. Ojok alisukumana naye. Kofia ikaanguka, ikakanyagwa. Kisha akakaa chini kwenye vumbi la pale kwenye kizuizi, suti na vyote, akilia kwa sauti mbele ya nchi mbili.

Jean-de-Dieu na Yvette walimwinua. Wakamrudisha mezani penye unga. Jean-de-Dieu akasema kwamba yeye ana karatasi zake na njia anaijua. Atavuka kesho asubuhi na kumtafuta Wivine shambani. Ojok aandike barua. Ojok akaandika, kidole chake kikiacha unga pembeni mwa ukurasa. Haikuwa barua ndefu. Alikiri alichofanya, kitendo kwa kitendo, na kuweka sahihi bila cheo. Yvette aliisoma yote kabla ya kukubali ipelekwe, akaikunja yeye mwenyewe. Lakot, aliyepigiwa simu, alifika jua likiwa bado juu, akamchukua baba yake.

Zilifuata siku kumi na moja mbaya. Simu ya Jean-de-Dieu haikupatikana. Siku ya tatu redio ikatangaza mashambulizi mengine upande wa Beni, bila majina. Lakot alihamia kwa baba yake kwa muda, akampeleka hospitali, na daktari akawaeleza kwa maneno mapole yale ambayo walikwisha kuyajua. Asubuhi nyingine Ojok aliamka akikumbuka kila kitu, akakaa barazani tangu alfajiri akitazama barabara, hali chakula. Asubuhi nyingine aliamka mchangamfu, akiuliza kwa nini Wivine amechelewa kuja leo. Lakot hakujua ni asubuhi ipi ilimuumiza zaidi. Siku moja ya kumbukumbu alikwenda kituo kidogo, akamwambia polisi wa kike aliyekuwa zamu, Musimenta, kwamba ametoa taarifa ya uongo na anataka afunguliwe mashtaka. Musimenta alimwandikia maelezo, akamsindikiza mpaka nyumbani.

Siku ya kumi na mbili, saa tatu asubuhi, Probox ikasimama mtaani. Jean-de-Dieu alishuka, amekonda. Nyuma yake akashuka Wivine.

Lakot alitaka kumwingiza ndani, akamwekea kiti, akaanza kumwomba radhi kwa niaba ya baba. Wivine hakuingia. Alisema barua ameipata na ameisoma, na amekuja kwa jambo moja. Alimgeukia Ojok, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Afande, ile siku ulinipekua mbele ya batu. Karatasi ni ya miye peke yangu. Sema mbele ya batu."

Bombani foleni ilikuwepo, kama kila asubuhi. Ojok alikwenda, Wivine akiwa kando yake, na madumu yakaacha kugongana. Aliwasalimu. Akasema kwamba mwezi wa tatu, mahali hapa, alimvua mama huyu kilemba akamwita mwizi. Akasema mama huyu hakuiba. Yeye mwenyewe ndiye aliyezigawa kalamu, na akasahau, kwa sababu anaumwa kichwani, na daktari amemwambia hatapona. Alisema hivyo wazi, akiwa amenyooka. Maji yalikuwa yakimwagika bombani na hakuna aliyeyafunga.

"Kwa hiyo wote mjue," aliendelea, "kwamba huyu, mama huyu ..." Akamtazama. Midomo ilitafuta. "Huyu ... aliyenipikia tangu mke wangu ..."

Akatazama watu, akamtazama tena mwanamke, na hofu ikamjaa usoni. Jina lilikuwa limekwenda. Mwanamke mmoja kwenye foleni akaanza kucheka, kisha akaacha. Lakot akapiga hatua kumsaidia, lakini Wivine alimzuia kwa mkono.

"Jina yangu ni Wivine," aliwaambia watu. "Kavira Wivine. Sikuiba kitu."

Akakaa kidogo, awape nafasi ya kusikia vizuri. Kisha akamshika mzee kiwiko, akamrudisha barazani, kwa sababu alikuwa anapepesuka.

Hakurudi kumfanyia kazi. Lakot alimwomba, naye akasema hapana. Mwili wake unakataa kuingia nyumba ile. Alikwenda Bwera kwa watoto wake mchana ule ule, na safari hii alipata kazi kwenye ghala la kahawa la mama mmoja, Hidayah, aliyeonyeshwa nakala ya yale maelezo ya Ojok yaliyoandikwa na Musimenta na hakuuliza zaidi. Semakula alizirudisha kalamu thelathini na mbili, pamoja na zile tatu za Jean-de-Dieu, ambaye alikataa kubaki nazo. Zile sita hazijulikani zilikokwenda hadi leo.

Siku ile aliyokuja Wivine, alasiri, gari lilipokwisha kuondoka, Ojok alikaa barazani na binti yake. Alikuwa mtulivu. Akamuuliza yule mama aliyekuja asubuhi ni nani, kwa maana ameona kama alikuwa na huzuni.

Lakot alifikiri kumwambia ni mgeni tu, amepita. Alikuwa amechoka, na mzee alikuwa na amani usoni kwa mara ya kwanza katika wiki mbili. Lakini alimwona baba yake akimtazama jinsi alivyokuwa akiwatazama mashahidi.

"Nilimfanya kitu," Ojok alisema. "Sijui nini, lakini nilimfanya. Niambie yote, binti yangu. Usiniachie kipande."

Lakot akavuta kiti karibu, akaanza kumsimulia tangu mwezi wa pili, siku ile alipohesabu akapata arobaini.